Kaimu Mratibu wa Furaha ya Mashairi

Kuanzia Jumatano, toka Hima mpaka Bwera, wanafunzi wote wa sekondari, Sinia Wani hadi Sinia Sirii, watafurahia mashairi. Watayasoma kwa furaha, watayaandika kwa furaha, na watayatoa jukwaani kwa furaha, saa nane mchana mpaka saa tisa, baada ya posho na maharage. Mwenye sababu ya kiafya ya kutofurahi alete cheti cha nesi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye kila ubao wa matangazo, na wauza chapati wa Kasese walilipokea vizuri, maana lilikuwa limechapwa kwenye karatasi ngumu isiyovuja mafuta.

Mtunzi wake alikuwa Bwana Crispus Mugume, Kaimu Mratibu wa Furaha ya Mashairi, Kanda ya Milima. Msicheke. Kazi ni kazi, na ofisi ilikuwepo kweli, pale mjini, juu ya duka la magodoro, unapandia ngazi za nje. Tatizo la Crispus halikuwa kazi. Tatizo lilikuwa lile neno la kwanza mlangoni: KAIMU. Kaimu hana kiti cha kuzunguka. Kaimu hana dereva. Anashuka kwenye boda, anajipangusa vumbi nyuma ya jengo, halafu anaingia mkutanoni kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Mama mkwe wake, kila akimtambulisha kanisani, alikuwa akisema, "Huyu ndiye mukwe wangu. Bado anakaimu," kwa sauti ile ile watu wanayoitumia kusema "bado anaumwa".

Lakini sasa Kampala ilikuwa imetoa neno. Naibu Kamishna, Madamu Proscovia, angeshuka mwenyewe mpaka Bwera kuwaona watoto wakifurahia. Akiridhika, KAIMU litafutwa. Crispus alishanunua kopo la rangi nyeupe. Alikuwa amelificha chini ya meza, na kwenye mikutano mirefu alikuwa akilipapasa kwa kidole cha mguu, ajue kwamba bado lipo.

Utafiti wake wa kwanza aliufanyia Mahango. Alipanda mlima kwa boda, boda ikachoka, akapanda kwa miguu. Huko juu akawakuta watoto wa shule wako shambani na wazazi wao, wanachuma kahawa mbivu, wamejigawa pande mbili, wanatupiana mashairi. Upande huu unaimba kwamba kikapu cha wale kinavuja kama mdomo wa shangazi yao. Upande ule unajibu kwamba heri kikapu kinachovuja kuliko mtu anayechuma mbichi akidhani zimeiva. Wazee walikuwa wanacheka mpaka wanashika miti. Mguu wa Crispus, bila idhini yake, ulianza kugonga ardhi.

Halafu akaangalia saa. Saa nne asubuhi. Jumanne.

"Simamisheni!" akasema. "Hii ni furaha ya nini?"

"Ya kahawa, ssebo," mama mmoja akajibu.

"Iko kwenye ratiba?"

Crispus akawaelimisha kwa upole: furaha isiyo na ratiba haiwezi kuripotiwa, na furaha isiyoripotiwa, kwa lugha ya serikali, ni fujo. Wakarudi kuchuma. Kesho yake, saa nane kamili, watoto wale wale walipanga mistari uwanjani, wakafungua karatasi zenye shairi rasmi kuhusu umuhimu wa mashairi, wakasoma kama watu wanaosoma bei ya mabati. Hakuna aliyetabasamu. Crispus akarudi Kasese akiwa na huzuni ya kweli. Watoto wa milimani hawapendi mashairi! Hali ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani, na programu ilihitajika haraka kuliko alivyodhani.

Ndipo akaazima nguvu kwenye kambi ya jeshi. Wakampa Afande Drani, sajini kutoka Arua, mtu mrefu, mpole, mwenye familia yake pale kambini na mwenye sifa moja kubwa: ukimpa amri, ataitekeleza mpaka umwambie basi, na ukisahau kumwambia basi, shauri yako. Crispus akampa cheo cha Mkaguzi wa Hisia.

"Sinia Tuu!" Drani alikuwa akiunguruma mbele ya darasa. "Mashairi, mbele tazama! Furaha... anza! Wewe! Wewe wa pale! Furahia!"

"Nafurahia, afande."

"Sioni!"

"Iko ndani, afande."

"Toa nje!"

Kwa sababu ya watoto wa namna hiyo, wenye kuficha furaha ndani, ofisi ikaunda Kiwango cha Meno. Meno ya juu yakionekana, furaha ya wastani. Ya juu na ya chini, furaha nzuri. Ufizi ukionekana, hiyo ni furaha ya kitaifa. Na yeyote atakayefunga mdomo shairi rasmi likisomwa, bila kujali umri wala nafasi, ataandikishwa Furaha ya Ziada, kila Jumatano, mpaka meno yatoke. Maneno "bila kujali umri wala nafasi" Crispus aliyapenda sana. Aliyaona yana uzito.

Halafu kukatokea aibu ya Hima. Mtoto mmoja alisimama akaanza shairi lake moja kwa moja, bila kusalimia mgeni wa heshima. Bila protokali! Jamani, hapa kwetu mtu akisimama hata kutangaza kuku aliyepotea, lazima kwanza awatambue wakubwa waliopo, mmoja mmoja, kwa cheo, na kila anayetajwa ainuke apunge mkono. Mgeni wa Hima alikasirika, akaondoka na vipaza sauti, maana vilikuwa vyake, na shughuli iliyobaki ikamezwa na malori ya barabara ya Fort Portal.

Crispus hakulala na kosa hilo. Akatunga Kanuni ya Heshima. Kila shairi litaanza kwa protokali. Atakayetambuliwa atasimama, atatoka mbele ya tenti aonekane na wote, na hataketi tena mpaka shairi liishe, kwa sababu si adabu kukalia sanaa. Na mtu yeyote asithubutu kukatiza shairi.

Akaisoma mara ya pili, akajipongeza kwa kupiga meza.

Siku moja kabla ya ugeni, akaenda na Drani kukagua mazoezi kwenye Sekondari ya Kyabalezi, shule iliyo juu kidogo ya Bwera. Ukisimama uwanjani unaiona Kongo. Mwalimu wa lugha, Madamu Eseza, akawapokea na uso wa mtu anayepokea maji ya mvua kwenye sufuria lenye tundu.

"Huyu ndiye mwanafunzi wetu wa kufungua," akasema. "Pretty. Wa Sinia Tuu. Mama yake anauza chumvi ya Kabatoro huko Mpondwe, mpakani."

Pretty alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Akasimama, akafunga mikono nyuma, akaanza:

"Mbuzi ya mama Shallon haina kitambulisho,
inavuka muto kila siku, haiogopi vitisho.
Askari anashika mama: toa karatasi, mama!
Mbuzi iko nyuma yake, inakula kofia, inatazama."

Darasa likalipuka. Watoto wakagonga madawati, wakalia machozi, mmoja akaanguka kabisa. Drani, kwa uaminifu wake, akaanza kupita kati ya madawati akiangalia midomo. "Ufizi," akasema. "Ufizi. Ufizi. Afande, hapa yote ni kitaifa."

"Nyamazeni!" Crispus akapaza sauti. "Nani ameidhinisha mbuzi huyu? Na protokali iko wapi?"

"Muzee, ni shairi fupi," Pretty akasema.

"Hakuna ufupi unaozidi heshima. Kesho utaanza na protokali. Utawatambua wakubwa wote, kila mtu na sifa zake. Shairi litafuata, kama muda utabaki."

"Na kama muda haibaki?"

"Basi protokali peke yake inatosha."

Pretty akamwangalia Madamu Eseza. Madamu Eseza akaangalia Kongo.

"Kumbe protokali iko shairi, Muzee?"

"Protokali," Crispus akasema, akinyoosha tai, "ni shairi la juu kuliko yote."

"Ndiyo, Muzee," akasema Pretty, na akakaa chini mpole kama mtu aliyepewa funguo.

Siku ikafika. Tenti moja kubwa nyeupe ilisimamishwa kwa ajili ya wageni, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, na nyuma yake mama wa jikoni, Nasifah, akakaa na masanduku ya soda baridi. Crispus alimpa amri mwenyewe, akairudia ili isipotee: "Soda ni za walioketi ndani ya tenti. Aliye nje ya tenti hapewi, hata akilia." Watoto wote wa Kyabalezi walipangwa uwanjani, juani, toka asubuhi, maana mgeni alikuwa anafika saa tatu.

Madamu Proscovia alifika saa saba na nusu. Viatu vyake vilikuwa na visigino virefu, na kila hatua kwenye nyasi ilikuwa kama kuchomeka kigingi. Akakaa kiti cha mbele. Crispus akakaa pembeni yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinusa manukato ya mtu asiyekaimu.

Wakahutubia. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Yowasi, akahutubia. Diwani akahutubia, kisha akahutubia kuhusu hotuba ya Mzee Yowasi. Uwanjani watoto wawili walizirai, wakainuliwa, wakarudishwa kwenye mstari. Hatimaye Crispus mwenyewe akashika kipaza sauti na kutangaza: "Na sasa, furaha."

Pretty akatoka mbele.

"Protokali," akasema. Crispus akatikisa kichwa kwa ridhaa.

"Natambua mugeni wetu, Mukubwa wa Kampala,
alisema saa tatu, nasi tukaamuka bila kulala.
Asimame tumuone!"

"Tumuone!" watoto wote wakaitikia kwa mpigo mmoja. Hilo halikuwa kwenye mazoezi.

Madamu Proscovia akainuka, akatoka mbele ya tenti, akapunga mkono. Mstari wa pili hakuusikia sawasawa. Mtu akisikia cheo chake, masikio hushiba.

"Natambua Bwana Kaimu, baba yetu wa nidhamu,
mwenye kutufundisha kucheka kwa zamu.
Asimame tumuone!"

"Tumuone!"

Crispus akatoka juani akitabasamu kwa mdomo uliofungwa. Alitamani mtoto angeliruka lile neno.

"Natambua Muzee Yowasi, mwenyekiti wa wazazi,
alijenga choo ya wasichana mpaka musingi, akasema amemaliza kazi.
Asimame tumuone!"

"Tumuone!"

"Natambua diwani wetu, tajiri wa mipango,
barabara aliitoa kwa mudomo, haijafika kwa mulango.
Asimame tumuone!"

Wazazi waliokuwa wamesimama kando ya uzio wakaanza kusogea. Pretty akaendelea, safu ya mbele, safu ya pili, safu ya nyuma, hakumwacha mtu. Kila mmoja alipata cheo chake na sifa zake kama Kaimu alivyoagiza, na kila mmoja aliinuka upesi, kwa sababu kutotajwa kwenye protokali ni msiba mkubwa kuliko kutajwa vibaya. Mwisho akamgeukia sajini.

"Natambua na Afande Drani, mutu wa kambini,
anahesabu meno ya batu kama mahindi ya shambani.
Asimame tumuone!"

"Tumuone!"

Drani, ambaye hata hivyo alikuwa amesimama, akapiga saluti.

Sasa tenti ilikuwa tupu. Wakubwa wote wa Bwera na mmoja wa Kampala walikuwa wamejipanga mstari kwenye jua la saa tisa, wamekunja uso. Crispus akaona protokali imekamilika, akaanza kurudi kitini.

Mkono mzito ukamshika bega.

"Afande," Drani akasema kwa heshima. "Shairi haijaisha."

"Hii ilikuwa protokali tu, Drani."

"Jana ulisema protokali ni shairi ya juu. Kanuni inasema hakuna kukaa mpaka shairi iishe. Simama sawa, afande."

Pretty hakuwa ameshusha hata pumzi.

"Natambua viti ya tenti, imechoka na suruali,
haijabeba mutoto hata siku moja, inatuonaka kwa mbali.
Isimame tuione!"

"Tuione!"

Viti havikusimama. Pretty akavisubiri, kichwa kimeinama pembeni, kama mwalimu anayesubiri jibu. Halafu akageukia uwanja. "Viti haina magoti. Wenyewe hawawezi kuinuka. Basi protokali inaomba watoto bakae juu yake, iache kusikia haya."

Hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Waliingia kwenye tenti kama nyuki wanaoingia mzinga mpya, watatu kiti kimoja, wengine kwenye zulia. Mama Nasifah akawatazama walioketi ndani ya tenti, akawatazama walio nje ya tenti, akaikumbuka amri, akafungua sanduku la kwanza.

"Nasifah!" Crispus akanong'ona kwa nguvu. "Hizo ni za wageni!"

"Ulisema za walioketi ndani, Bwana Kaimu."

"Walau moja, ya Madamu!"

"Ulisema hata akilia."

"Mugume," Madamu Proscovia akasema bila kugeuza shingo, kisigino kimoja kimezama kabisa, "shairi hili linaisha lini?"

"Madamu... kwa mujibu wa Kanuni, anayejua ni mtunzi."

"Mkatize."

"Kanuni hairuhusu, Madamu."

"Kanuni ya nani?"

Pretty akatambua zulia. Akatambua soda, moja moja, kwa rangi. Akatambua wingu lililokuwa limekaa Rwenzori toka asubuhi likisikiliza, na kwa jinsi alivyolisifu, nalo lilisimama, likatoka mbele, likaonekana na wote. Mvua ya milimani haina matone, ni ndoo. Mstari wa wakubwa ulikaa pale pale, maana Afande Drani alikuwa mwisho wa mstari, ameloa, amekaza mwili, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubishana naye. Nywele za Kampala za Madamu Proscovia zikalala upande mmoja. Mzee Yowasi akauliza choo kiko wapi. Akajibiwa kiko kwenye msingi.

Na hapo, mvua ikigonga tenti, soda mkononi, Pretty akamleta yule mbuzi. Mbuzi wa mama Shallon akavuka mto kwa beti mpya zilizotungwa hapo hapo, mtoto mmoja akaongeza wake, wa Sinia Wani akaongeza wake, Madamu Eseza naye, mtu mzima, akatupia mmoja ambao siwezi kuuandika. Wazazi wakauimba kwa Lhukonzo. Tenti ilitikisika.

"Imeisha," akasema Pretty.

Drani akaingia kazini. Akapita kwenye tenti, kiti kwa kiti. "Ufizi. Ufizi. Huyu mpaka koo." Akatoka nje, akapita kwenye mstari, akainamia nyuso zilizoloa. Akarudi mbele ya Crispus akakanyaga matope kwa kishindo.

"Ripoti, afande! Watoto wote, furaha ya kitaifa. Wageni wote, meno hakuna. Wote Furaha ya Ziada. Jumatano."

"Drani, huyu ni Naibu Kamishna!"

"Bila kujali umri wala nafasi. Uliandika vizuri, afande."

Kwenye mlango wa gari, Madamu Proscovia alikamua nywele zake. Alikuwa mtu wa serikali, alijua kusoma ripoti. Kwenye karatasi, hakuna mahali nchini ambapo mashairi yalikuwa yamefurahiwa kuliko hapa.

"Mugume," akasema, "mpango umefaulu kupita kiasi."

Moyo wa Crispus ukaruka mpaka kwenye lile kopo la rangi.

"Mpango uliofaulu hivi hauwezi kubaki Kasese. Mratibu wake atakaa Kampala. Atakuwa mimi."

"Na mimi, Madamu?"

"Wewe endelea."

"Niendelee kama nani?"

Kioo kilishapanda.

Wiki iliyofuata akaja fundi wa maandishi, Blasio, ametumwa kwa simu kutoka juu. Hakuja na rangi; alitumia ile aliyoikuta chini ya meza. Akafuta MRATIBU. Akafuta WA FURAHA YA MASHAIRI. Akafuta KANDA YA MILIMA. Rangi ikamwishia hapo, na hata hivyo hakuwa na agizo la kuendelea. Mlango ukabaki mweupe, msafi, na neno moja jeusi: KAIMU.

Jumatano, Madamu Proscovia alituma cheti cha nesi. Mzee Yowasi pia. Diwani alileta vyeti viwili. Crispus hakuwa anamjua nesi yeyote. Akapanda boda mpaka Bwera, akajipangusa vumbi nyuma ya darasa, akaingia kwenye Furaha ya Ziada peke yake. Sinia Tuu walikuwa wameketi. Afande Drani alisimama mlangoni.

"Karibu, Muzee Kaimu," akasema Pretty. "Leo ni wewe utatoa shairi."

Crispus alikuwa amejiandaa. Usiku kucha aliandika beti kuhusu umuhimu wa uvumilivu. Akakohoa, akafungua karatasi.

"Protokali kwanza, Muzee," darasa likasema.

Akaangalia pande zote atafute mkubwa wa kumtambua. Hakukuwa na mgeni wa heshima, hakukuwa na mwenyekiti. Kulikuwa na watoto, wamejaa mpaka madirishani, wanasubiri kuitwa wasimame waonekane.

"Namtambua... Pretty," akaanza. "Asimame tumuone."

"Tumuone!" Pretty akasimama, akapunga mkono.

"Namtambua..." Akamnyooshea kidole kijana aliyekaa pembeni. Miezi yote ile alikuwa ameyajua meno yake vizuri. "Namtambua... eh..." Akakunja karatasi ya uvumilivu. "Wewe, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Musitafa, Muzee."

"Na sifa yako?"

"Mbuzi ile," akasema Musitafa, "iko ya kwetu. Mama Shallon anaitunza tu."

Kicheko kikamtoroka Crispus, kifupi, cha puani, bila ratiba. Darasa zima likamgeukia Drani. Drani akaja mbele polepole, akainama, akamkagua Kaimu mdomo kwa makini, kushoto, kulia.

"Meno iko," akatangaza. "Lakini haijathibitishwa. Inakaimu. Arudi Jumatano."